Admirali Rawson wa vita vya dakika 38: alipandaje mpaka kikosi cha manowari kubwa bila kupigana na manowari?

Mtoro_wa_Mizingani
Wakuu salaam. Hili jambo linanikereketa muda mrefu nikaona nilete kwa wanaojua. Sote tumesoma habari za 27 Agosti 1896, Waingereza wanapiga kasri la Sultani hapa Unguja na Sayyid Khalid bin Barghash anakimbilia ubalozi wa Wajerumani. Tunajifunza Khalid, tunajifunza Hamoud aliyewekwa na Waingereza baada yake, ila yule aliyetoa amri ya kufyatua mizinga hatumsomi kabisa. Jina lake Harry Rawson, wakati ule rear-admirali (ngazi ya chini ya maadmirali), mkuu wa kituo cha jeshi la majini cha Cape na Afrika Magharibi.

Sasa nimefuatilia maisha yake nikakuta miaka miwili baadaye, Desemba 1898, kapewa kikosi cha Channel, yaani zile manowari zinazolinda bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, na yeye mwenyewe kakaa juu ya HMS Majestic, tani karibu 15,000, mizinga minne ya inchi 12, miongoni mwa manowari kali kabisa duniani kipindi kile. Mtu huyu maisha yake yote kapiga majumba, vijiji na ngome. Hajawahi kupambana na manowari ya adui hata moja. Hoja yangu: alipandishwa kwa kuonea wanyonge. Mwenye maelezo mengine ashushe.

Kijana_wa_Bwawani
Nipo hapa nimekaa mkeka, endeleeni

NyangumiTZ
Mkuu hoja nzuri ila umesahau, Zanzibar palikuwa na meli ya Sultani, Glasgow, na aliizamisha. Kwahiyo "hata moja" sio kweli. Vita yenyewe ilianza saa 9 na zilikuwepo manowari tatu.

Bi_Shufaa_Malindi
NyangumiTZ umekosea mara mbili hapo. Saa 9 ya Kizungu ndio saa 3 asubuhi yetu sisi, mwaandika kama vile watu walipigwa alasiri. Muda waliopewa na Waingereza wasalimu amri uliisha saa 3 kamili, na saa 3 na dakika 2 ndo wakaanza kufyatua. Na manowari zilikuwa tano. Philomel, Thrush na Sparrow zilikuwepo tangu siku aliyofariki Sayyid Hamad, Sultani aliyemtangulia Khalid, tarehe 25, halafu tarehe 26 ikaja Racoon, na mchana wake ikaingia St George na Rawson mwenyewe ndani.

Glasgow kuiita manowari ni kuipa heshima isiyokuwa yake. Sayyid Barghash aliitia kwenye milki yake baada ya kile kimbunga cha 1872 kilichomalizia vyombo vyake. Ilikuwa na mizinga saba midogo na bombom (bunduki ya mfululizo) moja, zawadi ya Malkia Victoria. Fikirini hapo, meli ina zawadi ya Malkia juu yake, na inapigwa na meli za Malkia huyo huyo. Iliithubutu St George, mabaharia wake hawakukimbia, wakafyatua. Ikapigwa mpaka ikaanza kuzama, wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonesha wamesalimu amri, ndo wakaenda kuokolewa kwa mashua. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini pale mbele ya Forodhani miaka na miaka, bibi yetu mkubwa alikuwa akitwambia alikuwa akiiona utotoni, akidhani ni miti imeota baharini.

Mtoro_wa_Mizingani
Ahsante Bi Shufaa, nimekubali kuhusu Glasgow. Lakini inazidi kutia nguvu hoja yangu. St George ina mizinga miwili ya inchi 9.2 na kumi ya inchi 6. Huo ni mpambano?

Baharia_Mstaafu
Ngoja niingie. Mimi nimekaa kwenye vyombo miaka 22, sio vya vita, ila mambo ya vyeo vya meli nayajua. Kwanza tusichanganye. St George haikuwa manowari ya deraya nzito, ilikuwa kruza, meli ya vita nyepesi kuliko hizo, tani 7,700 hivi. Manowari za safu ya kwanza, zile zenye chuma nene ubavuni na mizinga mikubwa kwenye minara, hazikuletwa Zanzibar maana hapakuwa na sababu. Zilikuwa Mediterania na Channel, zinatazamana na Wafaransa na Warusi. Sheria yao ya 1889 ilisema jeshi lao la majini lazima lilingane na majeshi mawili yanayofuata yakijumlishwa, ndo wakaanza kujenga manowari kama wanafyatua matofali. Aina ya Majestic pekee zilikuwa tisa.

Pili, suala la kupanda. Kwenye jeshi la majini la Uingereza ukishafika kapteni kamili, kuanzia hapo ni foleni. Unasubiri walio mbele yako wafe, wastaafu au wapande. Ushujaa wako unakusaidia kuwa kapteni ukiwa kijana, ili uingie kwenye foleni mapema. Rawson aliupata ukapteni 1877, akawa rear-admirali Februari 1892. Miaka 15 kwenye foleni. Mapigano yake ya huku kwetu, Mwele na Zanzibar, ni 1895 na 1896. Kwahiyo alishakuwa admirali KABLA ya kuja kwetu. Hoja ya kwamba Zanzibar ndio ilimpandisha, kwa tarehe tu, inayumba.

NyangumiTZ
Bi Shufaa shikamoo, nimerekebishwa vizuri 🙏

Kwale_Damu
Baharia umesema Mwele umenigusa. Watu wa bara hamuijui Mwele. Ni huku kwetu, Shimba Hills, msituni. 1895 Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, alikuwa amejichimbia pale na boma lake ndani ya msitu mnene, amekataa kutawaliwa na Mwingereza. Huyo huyo Rawson akashusha mabaharia na askari wa Sultani wakiongozwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jenerali wao, wakatembea kutoka pwani wakabeba mpaka mizinga mabegani, wakaichukua Mwele mwezi Agosti. Mathews alipigwa risasi bega. Mbaruk mwenyewe hawakumshika, alitoroka, na 1896 akavuka kwa Wajerumani akaishia Dar es Salaam.

Kwetu nyumbani mzee mmoja alikuwa akisema wale mabaharia walikuwa wanakuja msituni na viatu vya melini, wakateleza njia nzima. Sijui kama ni kweli lakini tulicheka sana utotoni. Nyumba ya Mbaruk pale Gazi ipo mpaka leo.

Ninachotaka kusema ni kwamba huyu mtu wa "bahari" alifanya kazi yake kubwa nchi kavu. Mwele nchi kavu, Benin (ule ufalme wa kule Nigeria ya leo) nchi kavu. Naval officer wa milimani!

Mwalimu_Historia_Tanga
Nimefurahi uzi huu. Niongeze mambo ya nyuma maana mtu hawezi kueleweka kuanzia 1895.

Rawson kazaliwa Novemba 1843, kaingia jeshini 1857 akiwa na miaka 13 tu, mtoto kabisa. Akapelekwa China kwenye vita ya pili ya kasumba, Waingereza na Wafaransa dhidi ya China. Alikuwepo 1858 kwenye ngome za Taku na 1860 Peking ilipochukuliwa. Halafu kuna jambo ambalo mimi nikiwasimulia wanafunzi hawaamini: akiwa bado kijana alipewa Wachina 1,300 kulinda mji wa Ningpo dhidi ya waasi wa Taiping, miezi mitatu, na alijeruhiwa vibaya. Kisha usiku mmoja kule mto wa Shanghai akajitosa kuokoa mtu aliyekuwa anazama. Na 1871 akapata medali ya fedha ya kuokoa mtu Antwerp.

Kwahiyo Mtoro, kabla hujasema "kuonea wanyonge", mtu huyu kajirusha majini mara mbili kuokoa roho za watu. Simtetei kwa aliyoyafanya Zanzibar, wala Benin. Nasema tu ndio maana aliingia kwenye ile foleni ya Baharia akiwa na sifa.

Mtoro_wa_Mizingani
Mwalimu hilo la kuokoa watu sikulijua, nimelipokea kwa mikono miwili. Lakini tukae hapo hapo: waliokufa na kujeruhiwa upande wa kasri walikuwa kama 500, upande wake baharia mmoja kajeruhiwa juu ya Thrush. Wengi walikuwa ndani ya jengo la mbao na mawe, watumwa na watumishi na askari. Mtu anayejua thamani ya roho moja mtoni kiasi cha kujitosa usiku, roho 500 za Unguja hazikuwa na uzito?

Pemba_Peku
Hapo umesema ndugu yangu. Hapo ndo pananiuma mimi.

Kijana_wa_Bwawani
Swali la kizushi, ilikuwa dakika 38 au 45? Kila mahali naona tofauti

Bi_Shufaa_Malindi
Kijana, inategemea unahesabu wapi. Ukianza saa 3 na dakika 2 na ukaishia saa 3 na dakika 40 bendera ilipoanguka, ni 38. Wengine wanaanza saa 3 kamili wanaishia robo kasoro saa 4, wanapata 45. Kwa aliyekuwa ndani ya Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri, hazikuwa na tofauti, jengo lilimwangukia. Beit al-Hukm ilikwisha kabisa, Beit al-Sahel ikaharibika, na Beit al-Ajaib ikapigwa. Ule mnara wa taa uliokuwa mbele yake ukavunjika, ndo walipokarabati wakaupachika mnara wa saa mbele ya Beit al-Ajaib yenyewe. Mnara huo ndio ulioporomoka pamoja na upande wa mbele wa jumba tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wawili wakafariki. Mimi siku hiyo nilikuwa Darajani nikasikia kishindo, nikadhani gari limegonga. Vumbi lilifika mpaka kwetu.

DeraYaKijani
Poleni sana. Ile siku tulilia hata sisi wa Dar.

Baharia_Mstaafu
Turudi kidogo. Mtoro anauliza kwa nini apewe Channel wakati hajapigana na manowari. Jibu langu ni swali: nani wa rika lake alikuwa amepigana? Vita ya mwisho ya kikosi kwa kikosi ambayo Waingereza walipigana ilikuwa Navarino, 1827, kwa meli za tanga! Kuanzia pale mpaka anachukua Majestic ni miaka 71. Meli zikatoka tanga kwenda mvuke, mbao kwenda chuma, mizinga ya kupakilia mdomoni kwenda ya kupakilia nyuma, na hakuna admirali hata mmoja wa Uingereza aliyejua vita ya meli hizi ikoje. Aleksandria 1882, pamoja na ukubwa wake, ni manowari dhidi ya ngome za nchi kavu. Wote walikuwa wanafunzi wa kitu ambacho hakijatokea.

Na ajali yao kubwa kuliko zote za zama hizo haikutoka kwa adui. Juni 1893 Admirali Tryon, aliyehesabiwa fundi kuliko wote, alitoa amri ya safu mbili za manowari zigeukiane wakati nafasi kati yao haitoshi. Manowari Camperdown ikaichoma ubavuni manowari Victoria, aliyokuwamo Tryon, mbele ya pwani ya Tripoli ya Lebanon, watu 358 wakazama, Tryon mwenyewe akiwemo. Manahodha wengine waliiona amri ni mbaya, wakaitii. Sasa ukiwa mkubwa wa jeshi pale London baada ya msiba ule, unamtaka mtu wa namna gani? Labda mtu mtulivu asiyefanya sarakasi. Hayo ni mawazo yangu tu.

NyangumiTZ
Duh hii ya Tryon sikuijua. Yaani waliona wanagongana na wakaendelea kutii??

Baharia_Mstaafu
Ndio. Hata leo kwenye daraja la meli utaona kijana anamwona bosi anakosea na anakaa kimya. Nimeshuhudia, kampuni siitaji, tulipanda mwamba mchana kweupe na sarahangi, mkuu wa mabaharia, alikuwa anauona. Nilipomuuliza kwa nini hukusema akaniambia "nahodha ni nahodha".

Mwalimu_Historia_Tanga
Baharia hoja ya Navarino ni nzito lakini sio kamili. Wapo waliopigana, ila hawakuwa Waingereza. Togo Heihachiro wa Japani, kasomea Uingereza miaka ya 1870, 1894 na 1895 kapigana na meli za China kweli kweli, halafu 27 na 28 Mei 1905 kule Tsushima akiwa juu ya Mikasa, iliyojengwa Uingereza hiyo hiyo, akaangamiza kikosi cha Warusi. Kile kikosi cha Warusi kilipita huku kwetu jamani, kilitia nanga Nosy Be, Madagaska, zaidi ya miezi miwili mwanzoni mwa 1905 wakisubiri. Kwahiyo uzoefu ulikuwepo duniani, ila kwa wanaotaka kujua.

Maelezo yangu mimi ni mengine: Rawson alikuwa fundi wa KUPELEKA. Angalieni. 1878 akiwa nahodha wa Minotaur chini ya Admirali Lord John Hay ndiye aliyepandisha bendera ya Uingereza Nicosia, Kipro walipoichukua. 1882 vita ya Misri, yeye ndio afisa mkuu wa usafirishaji, maelfu ya askari, farasi, chakula, vyote vinashuka kwa mpango wake. 1897 Benin, anaambiwa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili tarehe 18 yupo ndani ya mji. Meli zimetoka Cape, zimetoka Malta, zimetoka Uingereza, zimekutana pwani ya Afrika Magharibi, watu kama 1,200, na njia ya mwisho haina maji kwahiyo maji ya kunywa yanabebwa kwa vichwa vya wapagazi. Hiyo ndio kazi ya admirali wa zama za mvuke: makaa ya mawe, maji, simu za waya, tarehe.

Kwale_Damu
Na wapagazi hawapewi medali. Mabaharia wa Mwele waliandikiwa "Mwele" ukingoni mwa medali zao. Waliobeba mizinga yao je?

Oba_Fan_Kampala
Kwa kuwa mmetaja Benin, tusipite haraka. Mji ule baada ya kuchukuliwa ulishika moto, na shaba na pembe za kasri la Oba, yaani mfalme wa Benin, maelfu ya vitu, zikachukuliwa zikauzwa. Oba Ovonramwen akapelekwa Calabar, akafia huko 1914. Mpaka leo makumbusho ya Ulaya yanabishana kurudisha. Rawson kapewa u-Sir mwaka huo huo 1897. Wewe Baharia unasema Zanzibar haikumpandisha, sawa, cheo ni foleni. Ila heshima je? Na kazi unayopewa ukiwa ndani ya foleni je? Maadmirali walikuwa wengi, kiti cha Channel kilikuwa kimoja. Foleni inakupa cheo, haikupi meli.

Mtoro_wa_Mizingani
Oba_Fan umenisemea!! Hilo ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo likanishinda maneno. Cheo ni foleni, kiti ni kuchaguliwa.

Baharia_Mstaafu
Hapo mmenikamata, nakubali. Kiti ni kuchaguliwa.

Fundi_Mizinga
Mimi nataka niwaambie kitu kuhusu Benbow maana hamjaitaja. Kabla ya kuwa admirali Rawson alikuwa nahodha wa HMS Benbow Mediterania, 1889 mpaka 1891. Kwahiyo manowari kubwa alizijua kabla ya Majestic. Na Benbow ilikuwa dubwana. Ilibeba mizinga miwili tu mikubwa, mmoja mbele mmoja nyuma, kila mmoja inchi 16.25 na uzito tani 110. Mzinga mmoja! Kupakia tena baada ya kufyatua ilichukua dakika kadhaa, na mitutu yake ilichakaa haraka. Pata picha mtu amesimama darajani, amefyatua mmoja, amekosa, na sasa anasubiri huku adui anakuja. Ndio maana walirudi kwenye inchi 12 za Majestic ambazo zinapakiwa haraka. Huyu mtu aliishi ndani ya yale mabadiliko, aliona makosa ya wahandisi kwa macho yake.

DeraYaKijani
Tani 110 ni kama malori mangapi hayo 😳

Fundi_Mizinga
Malori matatu ya semi yaliyojaa, na bado.

Pemba_Peku
Nani anajua neno manowari limetokea wapi? Babu alisema ni "man-of-war" wamelisikia pwani wakalifanya la kwetu

Bi_Shufaa_Malindi
Babu yako kasema kweli. Na waliolisikia ndio hao waliokuwa wakizitazama zikitia nanga mbele ya nyumba zao.

Msomaji_Kimya
Nachangia mara ya kwanza. Ndugu yake Rawson, Wyatt, naye alikuwa afisa wa jeshi la majini, alikwenda mpaka Aktiki na msafara wa Nares 1875. Mwaka 1882, vita hiyo hiyo ya Misri ambayo kaka mtu anashusha mizigo, Wyatt alipewa kuongoza askari wa miguu usiku jangwani kuelekea Tel el-Kebir. Hawana barabara wala alama. Akawaongoza kwa nyota kama yupo baharini. Wakafika alfajiri pale pale palipotakiwa, akapigwa risasi, akafa kwa majeraha. Mimi nikisoma habari za Harry baada ya hapo namwona mtu aliyempoteza mdogo wake kwenye kazi. Sijui inaeleza nini kuhusu Zanzibar. Ila nimeona niiweke.

Mwalimu_Historia_Tanga
Msomaji_Kimya usirudi kukaa kimya, tafadhali.

Bongo_Sydney
Wadau, mimi nipo huku Australia na hili jina nalipita kila siku bila kujua! Pale karibu na stesheni kuu ya Sydney kuna Rawson Place, napandia tramu hapo. Nimeangalia, ndiye huyo huyo. Alikuwa gavana wa New South Wales 1902 mpaka 1909, walimpenda mpaka wakamwongezea muda. Kafariki London Novemba 1910. Wenyeji wa huku wanamkumbuka kama mzee mchangamfu. Nimewauliza wenzangu wawili kazini kuhusu Zanzibar, hawajawahi kusikia.

Kijana_wa_Bwawani
Na Khalid aliishia St Helena eti?

Kwale_Damu
Hapana. Alikaa ubalozi wa Wajerumani mpaka Oktoba 1896, maji yalipojaa wakamshusha moja kwa moja kwenye mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler asikanyage ardhi ya Zanzibar, wakampeleka Dar. 1916 Waingereza wakamkamata, wakampeleka Shelisheli na St Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Kafariki Mombasa 1927. Yaani kaishi miaka 17 baada ya Rawson kufa.

Mtoro_wa_Mizingani
Kumbe aliishi zaidi yake. Hilo nalo sikulijua.

Bi Shufaa, ile Glasgow baadaye iliishia wapi? Maana milingoti haipo tena.

Bi_Shufaa_Malindi
1912 ndo walikuja wapiga mbizi wakaivunja vunja, vipande wakenda kuvitupa baharini mbali. Bibi alisema siku ile watoto walikaa ukutani tangu asubuhi kutazama, na milingoti ilipolala, wazee wengine waliondoka bila kuaga mtu.